Kopo Halirudishwi Tupu

Kuna mtu mmoja niliyemtolea ushahidi mara mbili. Mara ya kwanza nilisema nilichokiona kwa macho yangu, na nikamwumiza. Mara ya pili nilisema ukweli wote, na mpaka leo sijui kama ulimfikia kila aliyepaswa kuusikia. Namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kuyakumbuka yote mawili, ingawa kuyaelewa ni neema nyingine ambayo bado naiomba.

Ilikuwa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, kusini mwa Bujumbura, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeoa karibuni, fundi wa magari katika uwanja ulio nyuma ya soko. Kazi nilifundishwa na fundi mmoja wa Kikongo aliyekuja kwetu kutoka Uvira. Magari hayakuwa mengi. Lakini mzee mmoja wa msikitini kwetu, mfanyabiashara wa mawese, alikuwa amenunua kamyo ya Mbelgiji aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, na usukani wa kamyo hiyo haukufanana na mwingine wowote mjini. Magari tuliyoyazoea yalitaka mabega ya mtu. Hii uliigeuza kwa kiganja kimoja, kwa sababu pembeni mwa injini palikuwa na pampu ndogo iliyosukuma mafuta kwenye mabomba ya mpira, na nguvu ya mafuta hayo ndiyo iliyokusaidia kugeuza magurudumu.

Dereva wake alikuwa mtu wa kijiji cha Kizuka, mkubwa wa mwili, mwembamba wa sauti. Zamani alikunywa urwarwa, pombe ya ndizi, mpaka mji mzima ukamjua kwa hilo. Kisha akasilimu, akaacha pombe, na yule mzee akamkabidhi kamyo kwa sharti alilolitamka mbele ya watu: siku atakayoonja tu, funguo zitarudi. Alikuwa katika mwaka wa pili bila kuonja. Alikuwa na wake na watoto wa kulisha kwa kazi ile, lakini mwenyewe aliniambia kwamba kazi si kitu kikubwa sana. Kikubwa ni kwamba watoto wake walikuwa wameanza kuitwa watoto wa shoferi, badala ya watoto wa mulevi.

Siku chache kabla ya Ramadhani pampu ilikufa. Mzee akaagiza nyingine Bujumbura, ikaja na kopo la lita mbili lenye kifuniko kizuri cha kusokota, limejaa mafuta mekundu yanayong'aa. Kufunga pampu kulichukua asubuhi moja. Kutoa hewa kulichukua siku mbili, na kosa lilikuwa langu.

Kila unapofungua mipira ile, hewa huingia, na hewa ikikaa ndani usukani hulia na kushikashika. Mwalimu wangu alinifundisha hivi: inua magurudumu ya mbele yasiguse chini. Usiwashe injini. Jaza mafuta kikombe kilicho juu ya pampu, halafu mtu azungushe usukani polepole mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, na wewe tazama kikombe. Mapovu yatapanda moja moja. Mafuta yakishuka, ongeza. Zungusha tena.

Dereva alizungusha. Mimi nilitazama.

"Fundi," akasema baada ya muda, "hii ni usukani ama ni mashini ya kukamua mawese?"

"Zungusha."

"Wale wa kuzungusha mashini wanapewa ndizi. Mimi napewa nini?"

"Utapewa thawabu. Kushoto."

"Thawabu iko mingi kwa mwenye kushika usukani ama kwa mwenye kusimama anaangalia?"

Nilicheka, na kwa kucheka nikapoteza subira. Nikamwambia awashe injini mapema. Pampu ikayachapa mafuta pamoja na hewa iliyokuwa bado imo, kikombe kikajaa povu zito, la rangi iliyopauka, kama la sabuni. Mwalimu wangu alikuwa ameniambia: ukiona povu, umeharakisha, zima, ondoka, rudi kesho. Tukazima, tukaondoka. Kesho yake povu lilikuwa limetulia, tukaanza upya kwa utaratibu, na kufikia adhuhuri usukani ulikuwa laini kabisa. Katika kopo ilibaki kama nusu. Nikalipeleka nyumbani, nikaliweka nyuma ya mlango. Kutokana na kazi ile nilitoka na elimu moja tu, lakini niliishika kwa nguvu: povu ni hewa.

Ramadhani ikaingia. Mke wangu akaenda Nyanza-Lac kumsaidia dada yake aliyejifungua. Mimi nikawa nafuturu kwa jirani yetu, bibi mmoja mkamuaji wa mawese, aliyenichukulia kama mwanawe.

Katikati ya mwezi, mpira mmoja wa zamani, ambao sikuubadilisha siku ile, ulipasuka, karibu mafuta yote yakamwagika barabarani. Nikafunga mpira mwingine, nikaenda nyumbani kuchukua kopo. Lilikuwa pale pale nyuma ya mlango, na nusu yake ya mafuta. Jua lilikuwa kali, funga ilikuwa imenibana, lakini safari hii nilikuwa na subira. Tulizungusha, tukasubiri, tukaongeza, tukazungusha, mpaka kopo likaisha na kikombe kikajaa. Mapovu yalipanda machache, kisha hayakupanda tena. Dereva akawasha, akageuza kwa kidole. "Murakoze, fundi," akanishukuru kwa Kirundi. "Sasa umejua kazi." Nilifurahi kuliko inavyompasa aliyefunga. Kopo tupu nikalirudisha nyumbani, nyuma ya mlango.

Alfajiri iliyofuata, baada ya mvua ya usiku, dereva alipakia mapipa ya mawese kwenda Bujumbura. Hakufika hata nje ya mji. Kwenye kona inayotazama ziwa kamyo haikukata kona. Ilinyoosha moja kwa moja, ikashuka mchangani, ikapita juu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ambazo wanawake walikuwa ndiyo kwanza wamezianika, ikasimama magurudumu ya mbele yakiwa majini. Mama mmoja aliruka na mtoto wake mgongoni. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Mimi nilikuwa nimekwenda kutazama gari jingine, ikachukua muda kunipata. Nilipofika jua lilikuwa juu ya kichwa. Watu walikuwa wamemzunguka dereva, na wanawake wenye ndagala walikuwa mbele.

"Mwezi mutukufu!" mmoja alikuwa anapiga kelele. "Mwezi mutukufu, mutu analewa kabla jua kutoka!"

"Mama, sijalewa. Usukani umekataa."

"Angalieni macho yake ni mekundu!"

"Ni usingizi, mama. Nimeamka kula daku."

Mzee mwenye kamyo alikuwa amesimama pembeni, ameshika funguo. Aliponiona hakusalimia. "Fundi, panda. Tuambie usukani una nini."

Nikapanda, nikawasha, nikageuza. Magurudumu yakakata mchanga wenye maji kama kisu. Nikageuza tena kulia, kwa kidole kimoja, na kile kidole nikakiinua juu ili kila mtu akione. Nitakuwa mkweli: wakati ule sikumfikiria dereva. Nilifikiria kazi yangu. "Usukani uko mzima," nikasema kwa sauti. "Hauna shida yoyote."

Dereva akanitazama. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake haipo pale alipoiacha. "Fundi," akasema, "njoo uujaribu asubuhi. Asubuhi inakuwa ingine."

"Na mulevi naye asubuhi anakuwa mwingine!" mtu akajibu kutoka nyuma, na mchanga wote ukacheka.

Mzee akasema hatahukumu kwa kelele za ufukweni. Ijumaa, baada ya swala, wazee watakaa kwenye baraza ya msikiti. Kama ni pombe, dereva aseme. Kama si pombe, fundi aeleze ni nini. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Akaniachia funguo, kamyo nikaiendesha mwenyewe hadi uwanjani kwangu, na njia nzima usukani ulikuwa laini. Jumatano adhuhuri nilikagua mipira, viungo, pampu. Sikuona kitu. Nilianza kuwaza, astaghafirullahi, kwamba labda kweli ameonja. Jioni nilimwona msikitini amekaa safu ya mwisho, na nafasi upande wake wa kulia na wa kushoto hakuna aliyeijaza.

Alhamisi, tulipotoka swala ya alfajiri, alinishika mkono. "Sikuombi uniamini," akasema. "Nakuomba ushike tu."

Tukaenda uwanjani pamoja. Kulikuwa na baridi ile ya baada ya mvua, ukungu umelala ziwani. Akawasha injini, akashuka, nikapanda mimi. Nikageuza usukani. Haukugeuka. Nikaweka mikono miwili, nikaweka na kifua, ukasogea kidogo huku pampu ikilia kama mtu anayebanwa koo.

"Iko nini?" akauliza kutoka chini.

Nilishuka, nikafungua kikombe cha pampu. Ndani palikuwa na kitu kizito, cha rangi ya chungwa, kimevurugika. Povu, nikasema moyoni. Na povu ni hewa. Nikafurahi kwa ajili yake, maana kama ni hewa basi kosa ni langu, si lake. Tukainua magurudumu, tukazima injini, tukaanza kutoa hewa. Alizungusha bila kutania hata neno moja. Jua likapanda, usukani ukaanza kulainika kidogo kidogo, na saa nne ulikuwa laini kama Jumanne. Katika kikombe mafuta yalikuwa mekundu, safi.

"Imeisha," nikamwambia. "Ilikuwa hewa. Kesho nitawaambia."

Ijumaa alfajiri nilikwenda kuhakikisha, nikiwa peke yangu. Usukani ulikuwa mzito kama jana, na povu lile lile lilikuwa limerudi.

Hapo ndipo akili yangu iliposimama. Ningeelewa hewa inayoingia na kubaki, au inayotoka isirudi. Lakini hewa gani inaingia alfajiri na kutoka adhuhuri, katika gari lililolala halijasogea? Mzee alipita kwenda sokoni, nikamweleza nusu nusu. Akatikisa kichwa. "Fundi, hewa gani ina saa? Watu watasema tumetunga." Akaenda zake. Seremala aliyefanya kazi upande wa pili wa ua alisikia, akaniambia kwa upole kwamba hilo ni jini la ziwani, limekaliwa kichwani na kamyo siku ile. Nikakemea maneno hayo. Kisha, nakiri, nilipobaki peke yangu niliweka mkono juu ya pampu nikaisomea Ayatul Kursiyu. Na kwa kuwa wakati huo jua lilikuwa limepanda, usukani ukalainika, na mimi nikazidi kuchanganyikiwa.

Nilirudi nyumbani kuoga kwa ajili ya Ijumaa bila kujua nitakachokisema. Ningesema nini? Kwamba ni mzima, kama nilivyosema mchangani, na nimmalize yule mtu? Au kwamba ni mbovu saa za baridi tu, kwa sababu nisiyoijua, nionekane namfichia rafiki? Nilikuta mke wangu amefika kutoka Nyanza-Lac, mizigo yake bado ipo mlangoni. Hakuniuliza habari za funga wala za nyumba. Alikuwa ameshika lile kopo, ameligeuza chini juu.

"Bibi amerudisha kopo tupu?" akauliza. "Haiwezekani."

"Kopo gani?"

"Hili. Nilimwazima siku naondoka, alikuwa anatafuta chombo cha kufunga vizuri ampelekee mwanawe mawese."

"Na mafuta yangu yaliyokuwa ndani?"

"Mafuta yako nilimimina kwenye chupa ya limonadi. Iko pale juu."

Nikatazama juu. Kwenye ubao wa vyombo, nyuma ya sufuria, ilikuwepo chupa imefungwa kwa kitambaa, na mafuta mekundu ndani yake.

Msomaji asiyetoka kwetu labda hajui. Kando ya ziwa letu, chombo cha mtu hakirudishwi tupu. Umeazima sahani, utaweka ndagala kiganja kimoja, au muhogo, au chumvi, chochote ulicho nacho. Bibi alikuwa amelisugua kopo kwa majivu na ndimu, akaweka ndani yake kitu alichokuwa nacho, tena kizuri, mawese yaliyochujwa mara mbili, kwa ajili ya jiko la mke wangu akirudi. Hakumkuta mtu nyumbani, akaliweka mahali lilipokuwa, na heshima kama hiyo mwenye kuitoa haitaji. Na mimi siku ya jua kali nililichukua nikamimina ile heshima yote kwenye usukani wa kamyo.

Niliingiza kidole kwenye kopo. Nyumba ilikuwa na kivuli na ubaridi, na kwenye pembe ya chini palikuwa na chengachenga za rangi ya chungwa, zimeganda. Nikaweka kidole ulimini, nikakumbuka nimefunga, nikakimbia nje kutema na kusukutua. Mke wangu alidhani nimeugua. Kila mtoto wa Rumonge anajua kwamba mawese huganda asubuhi ya baridi na kuyeyuka jua likipanda. Nilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini ndani ya kikombe cha pampu nilikuwa natafuta hewa, na nilichokitafuta ndicho nilichokiona.

Baada ya swala wazee walikaa barazani. Nikasimama na kopo mkono mmoja, chupa mkono wa pili, nikaeleza mwanzo hadi mwisho. Nikasema dereva hakuonja kitu. Nikasema mwenye kosa ni mimi, kwa kumimina bila kunusa, na kwa kuinua kidole mbele ya watu.

Mzee mwenye kamyo alinusa kopo, akanusa chupa. "Wewe ni mtu wa hapa hapa. Hukusikia harufu ya mawese?"

"Mzee, hapa kwetu ni kitu gani hakina harufu ya mawese? Kamyo yenyewe inabeba mawese. Mikono yangu, nguo zangu, hata msikiti huu."

Wengine wakacheka, lakini mmoja akasema fundi anamkinga rafiki yake. Hapo sauti ya bibi jirani ikatoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia: "Mimi nirudishe kopo la mwanangu tupu? Kwa heshima gani? Mulitaka nifanye nini?" Mzee akachukua funguo kwangu, akamwekea dereva mkononi, akamwomba radhi mbele ya watu. Mambo yakaisha.

Yaani nilidhani yameisha. Tulipokuwa tunavaa viatu dereva aliniambia, "Nimekusamehe, fundi, kwa moyo wote. Lakini waliocheka pale mchangani si hawa waliokuja hapa."

"Nitawaambia na wale, inshallahi."

"Inshallahi," akasema.

Niliwaambia niliowakuta. Lakini wanawake wa ndagala huja na kuondoka, wengine wa Kizuka, wengine wa mbali zaidi, na mimi nilikuwa na kazi, kisha watoto, na mwaka ukaingia kwenye mwaka. Kamyo nilikuwa nimeiosha pampu na mipira yote, nikatia mafuta yake, na haikusumbua tena. Dereva aliendelea kuiendesha. Nilidhani ahadi yangu imetosha, na yeye hakunikumbusha.

Mwaka wa 1972 upande wetu wa ziwa uliharibika. Sitaeleza. Aliyekuwepo hahitaji kuelezwa, na asiyekuwepo sijui nimwanzie wapi. Mimi na mke wangu na watoto tulivuka mpaka, tukapata hifadhi Tanzania, na Mungu awalipe waliotupa mahali pa kulala. Dereva sikumwona tena. Mmoja aliniambia alionekana akivuka na watu wengi katika kamyo. Mwingine aliniambia hakuvuka. Wote wawili ni watu wakweli. Sijui nimwombee kama aliye hai au kama marehemu, kwa hiyo namwombea dua zote mbili, na namwachia Mwenyezi Mungu achague ile inayomfaa.

Miaka baadaye, huko ugenini, nilikuwa kwenye foleni ya maji na mama mmoja mzee. Tukaulizana tunakotoka. Aliposikia Rumonge akapiga makofi. "Rumonge! Mimi niliuza ndagala Rumonge. Siku moja shoferi mulevi aliniharibia zote, tena Ramadhani. Akapita juu na kamyo, mpaka ziwani."

Nikaweka ndoo yangu chini. Nikamweleza habari za kopo, za bibi, za chupa ya limonadi, za mawese kuganda. Nikamwambia aliyeinua kidole siku ile ni mimi. Foleni ikasogea, tukaacha watu watupite. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikazia macho.

"Sasa kama hakulewa," akasema, "kwa nini hakusema?"

"Alisema, mama."

"Alisema nini?"

"Alisema, njoo uujaribu asubuhi."